Maradhi ya Mke na Neno la Mumewe

Neno tuliandikalo mwezi huu ni la haya, lakini limekwisha kuvunja amani ya nyumba nyingi, nasi twaona si vema kulinyamazia.

Mume mmoja wa Mbagala alitujia jioni, akamshitaki mkewe: "Mwalimu, mke wangu anatoka harufu kama ya samaki. Bila shaka ana mwanamume mwingine." Kumbe mke naye, kwa hofu, alikuwa akijiosha ndani kwa sabuni na maji ya ndimu asubuhi na jioni, na kadiri alivyojiosha ndivyo harufu ilivyozidi.

Sababu yake ni hii. Mungu ameweka ukeni bakteria wema, wasioonekana kwa macho, na kazi yao ni kufanya uchachu uwazuiao wabaya. Sabuni, ndimu, shabu na majani ya kukaushia huwadhoofisha walinzi hao, na wale wengine wakaongezeka. Ndipo hutoka majimaji mepesi ya rangi ya kijivu, yenye harufu, hasa baada ya kulala na mume. Mara nyingi hayawashi. Basi harufu hiyo si ushahidi wa uzinzi.

Wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya fangasi, nayo haiponyi maradhi haya hata kidogo. Yafaa mke akapimwe: wa Kinondoni aende Mwananyamala, wa Mbagala aende hospitali ya Temeke, au zahanati iliyo karibu. Dawa itolewayo sana ni vidonge vya metronidazo, asubuhi na jioni kwa siku 7. Vimalizwe vyote, hata harufu ikikoma siku ya tatu. Mwenye mimba asikawie, kwa maana maradhi haya huweza kumfanya azae kabla ya wakati. Tena humrahisishia mtu kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Lakini mara nyingi hurudi. Mwaka 2025 matabibu wa Australia walitangaza habari za wanawake 164 na wanaume wao. Walipotibiwa wanawake peke yao, 63 katika kila 100 waliugua tena katika majuma 12. Wanaume nao walipopewa vidonge na dawa ya kupaka, walikuwa 35 tu. Maana yake, bakteria hao hukaa kwa mume pia.

Tulipomweleza hayo yule mume, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi, na kesho yake walikwenda wote wawili.