Daktari Aliyefungua Nyumba ya Mabinti wa Deira

Ukishuka kwenye abra, mashua ya kuvushia abiria, upande wa Deira jijini Dubai, harufu ya iliki na zafarani hukupokea kabla hujaufikia mtaa wa Al Ras. Wageni wengi hukazana kwenda Soko la Dhahabu. Karibu na soko hilo iko Bait Al Banat, yaani Nyumba ya Mabinti, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya dada watatu walioishi humo bila kuolewa. Tangu 2012 ni Makumbusho ya Wanawake.

Nyumba ni nzuri, lakini aliyeninasa zaidi ni mwanzilishi wa makumbusho hayo. Rafia Ghubash ni daktari wa magonjwa ya akili, na amewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Ghuba ya Kiarabu, Bahrain. Mwaka 1992 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu afya ya akili ya wanawake 300 wa Dubai. Hawakuishia kuhesabu wagonjwa. Walitunga na dodoso la kupima kiasi ambacho maisha ya mtu yamebadilika: anavyoishi, na anavyoona inafaa kuishi. Hebu mfikirie mama aliyelelewa enzi za kuzamia lulu, sasa yumo kwenye nyumba yenye kiyoyozi, anaulizwa ni kipi kati ya maisha yale mawili anachokiona chake. Dodoso lile limenikaa moyoni. Mtu aliyewahi kuuliza maswali ya namna hiyo, naona, asingeweza kustaafu akatulia.

Alitumia fedha zake kuyasimamisha makumbusho haya. Kwa miaka mingi amekuwa akisisitiza jambo moja: mwanamke wa pwani hii hakungoja mafuta ndipo aanze kazi. Wanaume walipokuwa baharini miezi ya joto wakitafuta lulu, wanawake ndio walioendesha nyumba, mali na biashara. Humtaja Sheikha Hessa bint Al Murr, mama yake Sheikh Rashid aliyekuwa mtawala wa Dubai; mama huyo alifanya biashara na kuwa na sauti katika mambo ya mji.

Sehemu nyingine ya makumbusho ni ya mshairi Ousha bint Khalifa, Fatat Al Arab, aliyefariki 2018. Ghubash aliukusanya ushairi wake kitabuni. Nani anafanya hivyo Lamu, kwa bibi aliye hai leo na tungo zake kichwani?

Liko na swali gumu zaidi, la wanawake walioletwa huku utumwani. Kule Doha, Qatar, makumbusho ya Bin Jelmood House iliyofunguliwa 2015 inausimulia utumwa waziwazi. Majahazi yaliyoleta boriti Ghuba kutoka Lamu na Rufiji yalitoka pwani ileile walikochukuliwa wanawake walioletwa kupika na kulea watoto katika nyumba za matajiri wa lulu. Wajukuu wao wapo. Nani atawakalisha awaulize? Nao, wakiulizwa, watataka kujibu?