Jinsi upweke ulivyomfunza Octavia Butler kutumaini

HADITHI za kubuni za kisayansi hudhaniwa na wengi kuwa masimulizi ya vyombo vya angani na mitambo ya ajabu tu. Octavia Butler, mwandishi Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka wa 2006, aliutumia utanzu huo kuchunguza jambo la karibu zaidi: namna binadamu mpweke anavyomfikia mwenziwe.

Upweke aliujua mapema. Alizaliwa Pasadena, California, mwaka wa 1947, akawa mtoto wa pekee. Babaye, aliyekuwa mpiga viatu rangi, alifariki Butler angali mdogo, naye mamaye alikuwa mtumishi wa nyumbani. Msichana huyo alikuwa mrefu kuliko wenzake, mwenye haya nyingi, na kusoma kulimwia vigumu kwa sababu ya disleksia. Wanafunzi wenzake walimdhihaki. Kimbilio lake likawa maktaba na daftari.

Alipokuwa mtu mzima alijieleza kuwa mtu aliyejitenga katikati ya jiji la Los Angeles, asiyeona taabu kuishi hivyo, na mwenye kuelekea kukata tamaa asipojihadhari. Hilo la kujihadhari halipaswi kupuuzwa. Kwake, matumaini hayakuwa tabia ya kuzaliwa nayo bali kazi ya kila siku, sawa na kuandika.

Ushahidi bora ni hadithi fupi "Speech Sounds", yaani sauti za usemi, iliyochapishwa mwaka wa 1983. Wazo lake lilimjia ndani ya basi, aliposhuhudia abiria wakipigana hadi kutokwa damu kwa jambo la kipuuzi. Siku hizo alikuwa pia akimtembelea kila wiki rafiki aliyekuwa akifa kwa saratani. Alianza kuiandika akiwa na imani haba mno kwa binadamu.

Katika hadithi hiyo, maradhi yamewapokonya watu usemi, wengine uwezo wa kusoma, na wengine vyote viwili. Majina yamegeuka vidani na alama zinazovaliwa mwilini. Rye, mwanamke aliyefiwa na mumewe na watoto wake, angali anaweza kuzungumza lakini hawezi tena kusoma, ilhali zamani alikuwa mwandishi. Anakutana na Obsidian, mwanamume ambaye hasemi lakini anasoma.

Hapa ndipo Butler anapomshinda mwandishi wa kawaida. Rye hafurahi mara moja kumpata mwenzi. Anamwonea kijicho kikali kiasi cha kutamani kumwua. Upweke, mwandishi aonyesha, haumfanyi mtu kuwa mpole. Mara nyingi humfanya achukie kile anachokihitaji. Wawili hao wanakishinda kijicho hicho kwa muda mfupi tu, kwani Obsidian anauawa akijaribu kumnusuru mwanamke asiyemjua.

Mwanamke huyo naye anauawa, akiacha watoto wawili. Rye anagundua kwamba watoto hao wanazungumza. Anawachukua, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu anatamka jina lake. Hadithi hiyo ilimtunukia Butler tuzo ya Hugo mwaka wa 1984, na kwa maelezo yake mwenyewe, alipoikamilisha imani yake kwa binadamu ilikuwa imerejea kiasi.

Riwaya yake "Parable of the Sower" ya mwaka wa 1993 iliipanua fikra hiyo. Lauren, msichana anayehisi maumivu ya wengine mwilini mwake, anapoteza jamaa zake kisha anaelekea kaskazini kwa miguu, akikusanya wasafiri wasiojuana hadi wakawa jamii.

Mwaka wa 2000, katika makala kuhusu ubashiri wa siku zijazo, Butler alisimulia jinsi alivyoulizwa na mwanafunzi suluhisho la matatizo ya dunia. Alimjibu kwamba hakuna jibu moja. Yapo maelfu, na kila mtu aweza kuwa mojawapo akitaka.

Mwendelezo wa riwaya hiyo ulitoka mwaka wa 1998. Kitabu cha tatu alikianza upya mara nyingi, na hakuwahi kukikamilisha.