«Moto Yangu Haivuti»: Kitenzi Kimoja, Hitilafu Tatu

Ukisimama asubuhi mbele ya gereji ya kando ya barabara hapa Mabanga, hutakawia kusikia: «Fundi, moto yangu haivuti.» Mwanafunzi wa isimu ataona kwanza upatanisho: moto wangu huwaka jikoni, moto yangu hubeba abiria. Fundi husikia jambo jingine. Kitenzi kuvuta hapo kimeficha hitilafu tatu, na kila moja ina dawa yake. Fundi akikisia vibaya, atafungua injini bure. Dereva atapoteza siku nzima, na jioni mwenye pikipiki atadai fedha zake vilevile.

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ambayo wengi hapa huiita ambreyaje, huingia kwenye gia, kisha mnyororo huifikisha kwenye gurudumu la nyuma. Kwa hiyo fundi mzuri huuliza maswali kabla ya kushika kifaa.

Je, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki? Basi klachi inateleza. Ndani yake mna sahani zinazobanana katika oili. Waya ukikazwa mno, sahani hazibanani sawasawa. Anza hapo: ncha ya mkono wa klachi icheze kiasi cha milimita 10 hadi 20 kabla ya waya kuanza kuvuta. Kisha uliza oili gani ilitiwa. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo huzitelezesha sahani. Oili inayofaa klachi ya namna hii huandikwa JASO MA kwenye chupa. Hayo yakiwa sawa, ndipo tushuku kwamba sahani zimekwisha.

Je, moto inataka kwenda hata mkono wa klachi ukiwa umebanwa, na gia zinaingia kwa kishindo? Hapa klachi inang'ang'ania. Injini huzimika dereva anaposimama, naye husema «haivuti». Mara nyingi waya umelegea mno, au umekwama kwa vumbi ndani ya ala yake. Ukazwe, upakwe mafuta, au ubadilishwe.

Je, inashtuka na kugonga wakati wa kuondoka? Mnyororo unaruka. Katika pikipiki nyingi ndogo, sehemu ya katikati ya mnyororo icheze milimita 20 hadi 30 juu na chini. Halafu uvute kwa nyuma pale unapozunguka gurudumu la meno: zaidi ya nusu ya jino ikionekana, umekwisha. Badilisha pamoja na magurudumu yote mawili ya meno, maana meno yaliyolika huumaliza mnyororo mpya haraka. Mjini Goma, ambako lava ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji mnamo Januari 2002, vumbi la mawe hayo meusi huusaga mnyororo kama msasa. Usafishwe na kupakwa mafuta mara kwa mara.

Inateleza, inang'ang'ania, inaruka: dereva anayechagua kitenzi sahihi amekwisha kumwonyesha fundi mahali pa kuanzia. Sisi tunaokusanya istilahi za ufundi hupenda kuorodhesha majina ya vipuri tu. Tuandike pia vitenzi, kwa kuwa gereji huanza kazi kwa vitenzi.