Plastiki Ndogondogo katika Samaki na Kombe: Utangulizi

Kila anayeanza kufuatilia habari za plastiki baharini huuliza: samaki ninayekula ni salama? Ni swali la haki, na ndilo linaloisukuma taaluma hii mbele. Tuligawe sehemu tatu: chembe za plastiki ziko wapi ndani ya mnyama, zina ukubwa gani, na ni kiasi gani kinachofika kwenye sahani. Mwenye kuyatenga maswali hayo hababaishwi na kila habari, wala haridhiki upesi.

Maikroplastiki ni vipande vya plastiki visivyozidi milimita 5. Baadhi hutoka kiwandani vikiwa hivyo, kama punje ghafi za kutengenezea ndoo na viti. Vingine huzaliwa na uchakavu: mfuko uliopigwa na jua na mawimbi hadi ukavunjikavunjika, nyavu za nailoni, matairi yanayosagika barabarani, nyuzi za poliesta zinazong'oka nguo zinapofuliwa. Jina hili lilishika baada ya mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipochapisha utafiti wao katika jarida la Science.

Mfano mzuri wa kujifunzia uko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Watafiti walinunua sangara na sato, wakatoa matumbo yao, wakayayeyusha kwa dawa kali ya alikali na kuchunguza kilichobaki. Vipande vilivyotiliwa shaka vilipimwa kwa miali ya infraredi, ambayo hutambua aina ya plastiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalithibitisha plastiki katika asilimia 20 ya samaki wa kila moja ya aina hizo mbili, ikiwemo poliethilini, ambayo ndiyo hutengenezewa mifuko, na poliesta. Hatua ya infraredi si ya kurukwa. Chini ya hadubini, uzi wa pamba na uzi wa poliesta huweza kumdanganya hata mzoefu, na nguo ya mtafiti mwenyewe hupukutisha nyuzi juu ya sampuli. Ndiyo maana maabara makini huvaa makoti ya pamba na kupima sampuli tupu sambamba na zile za samaki. Ukisoma utafiti wowote wa fani hii, anza kwa kutafuta kama hayo yalifanyika.

Sasa angalia tena mahali plastiki ilipopatikana: tumboni. Sangara na sato hupasuliwa na matumbo yakatupwa kabla ya kufika jikoni, kwa hiyo sehemu kubwa ya chembe hizo hailiwi. Dagaa ni habari nyingine, kwani huliwa mzima, kichwa na utumbo. Kombe, chaza na kome nao huchuja maji mchana kutwa kupata chakula, kisha sisi tukawala pamoja na matumbo yao. Watafiti wa Ubelgiji walikadiria mwaka 2014 kwamba Mzungu mpenda chaza na kome huweza kumeza hadi chembe 11,000 kwa mwaka.

Idadi hiyo inatisha mpaka uipime kwa uzito. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikadiria mwaka 2016 kwamba mlo wa gramu 225 za kome una takriban mikrogramu 7 za plastiki, na kwamba kemikali ya bisfenoli A itokayo humo haifiki hata asilimia 2 ya ile mtu anayoipata kwa njia zote. Mwaka 2018 watafiti wa Scotland walionyesha kuwa vumbi la nyumbani linaloangukia chakula wakati wa kula huleta nyuzi nyingi kuliko kome wenyewe. Hata hivyo, chembe ndogo kabisa, zile zinazoweza kupenya ukuta wa utumbo, ndizo ngumu zaidi kuzipima. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema ushahidi uliopo hautoshi kuamua madhara ya chembe za plastiki kwa afya ya binadamu. Kuona plastiki ndani ya samaki si ushahidi wa sumu, na ukosefu wa ushahidi si cheti cha usalama.

Nasisitiza hili kwa sababu bei ya kukosea ni kubwa. Mtoto wa kandokando ya ziwa akinyimwa dagaa kwa hofu ya chembe, anakosa protini, chokaa na madini ya chuma ambavyo faida yake inajulikana vyema. Samaki na waliwe. Vita vyenyewe viko nchi kavu, kwenye taka. Zuio la mifuko ya plastiki lililoanza Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019 ni hatua ya kweli, na chupa, nyavu zilizotupwa na maji ya kufulia bado vinasubiri zamu yao.

Kwa anayetaka kuingia kazini, kazi ipo, na mojawapo haihitaji meli. Dagaa wengi huanikwa juu ya mchanga au nyavu kuukuu. Chukua dagaa wabichi wa mtumbwi mmoja, waanike wengine kwenye nyavu na wengine kwenye chanja ya mbao, uwapime kabla na baada. Ikibainika kwamba plastiki inaongezeka wakati wa kuanika, mvuvi na mchuuzi watakuwa na jambo la kubadilisha msimu huuhuu.