Zizi Imara Humwokoa Mbuzi na Fisi Pia

Mkazi wa Langas anayefuga mbuzi nyuma ya nyumba, au aliye na kondoo kijijini, ana la kujifunza kutokana na utafiti kuhusu wanyama wakubwa wala nyama.

Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilikadiria kuwa Kenya ina simba 2,589 na fisi madoa 5,189. Wanyama hawa hutoka mbugani na kukutana na mifugo.

Utafiti uliofanywa Laikipia na kuchapishwa 2003 ulionyesha kuwa mifugo inayochungwa kwa makini mchana, na kulala zizini usiku pakiwa na mbwa na watu karibu, haishambuliwi sana. Tena, pale mifugo ilipopona, wafugaji nao waliua wanyama wachache.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatoa nafasi ya fidia kwa mfugo aliyeuawa, ila si kwa mwenyewe aliyezembea kumlinda. Imarisha zizi leo. Mfugo wako akiuawa, usitege sumu, kwani huua hata mbwa na tai. Piga ripoti kwa KWS au kwa chifu mara moja.