Kukosoa na Kuumbua: Jinsi Watunzi wa Kiswahili Walivyosahihishana

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanana kwa umbo, na tofauti yake ndiyo msingi wa mhadhara huu. Kutokana na *kosa* hupatikana *kosoa*, na kutokana na *umba* hupatikana *umbua*. Vyote viwili vimeundwa kwa kiambishi cha kutendua, kile kile kinachogeuza *funga* kuwa *fungua* na *choma* kuwa *chomoa*. Irabu yake tu ndiyo inayobadilika kufuata irabu ya mzizi. Kukosoa, kwa asili ya neno lenyewe, ni kulitendua kosa, yaani kuliondoa pale lilipo. Kuumbua ni kulitendua umbo, na ndiyo maana kitenzi hicho kimekuja kuwa na maana ya kumfedhehesha mtu mbele za watu. Anayeusoma utungo wa mwenziwe kwa nia ya kumweleza ulivyo husimama baina ya vitenzi hivi viwili, na mara nyingi hajui ameangukia upande gani mpaka auone uso wa mtunzi.

Kipo na kitenzi cha tatu, *chambua*, ambacho wahakiki wa vyuo vikuu wamekipenda mno hata asili yake ikakaribia kusahauliwa. Katika ukanda wa magharibi wa Unguja, ambamo Mangapwani imo, karafuu zililimwa tangu karne ya 19, na kwa mkulima wa karafuu kuchambua ni kazi ya vidole: karafuu hutengwa na makonyo yake kabla ya kuanikwa. Kazi hii hufanywa kwa kitako, watu wengi pamoja, mazungumzo yakiendelea. Makonyo nayo hayatupwi. Huanikwa mbali, yakauzwa kwa bei yake iliyo ndogo, kwa kuwa nayo yana mafuta. Mwanafunzi anayeandika neno “uchambuzi” juu ya karatasi yake, kisha akahesabu tu yaliyomchukiza katika diwani ya mtu, ametumia neno la shamba pasi na kulijua shamba.

Hata hivyo, istilahi peke yake haitoshi kuonesha namna watunzi wa Waswahili walivyosahihishana. Desturi yao kuu ilikuwa kujibizana. Aliyeona dosari katika shairi la mwenziwe, iwe ya hoja au ya ufundi, hakuandika insha kulihusu. Alitunga shairi, na mara nyingi alilitunga kwa bahari ile ile na vina vile vile. Katika tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, zimo beti ambazo haziwezi kufahamika vyema bila ya kujua kwamba zilikuwa jibu kwa mtu. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, liliichukua desturi hiyo kutoka barazani likaiingiza katika chapa, hata malenga wa Tanga na wa Unguja wakaweza kukosoana bila ya kuonana.

Ubora wa desturi hii haukuwa katika upole wake, kwani majibizano mengine yalikuwa makali sana. Ulikuwa katika gharama aliyotozwa mkosoaji. Aliyesema kwamba mizani za fulani zimepwaya alilazimika kulisema hilo kwa mizani timamu, naye akijua kwamba wasomaji wanamhesabia. Kosa lake lingeonekana papo hapo, na mkosolewa angelipata kuwa silaha. Hapakuwa na mahali pa kukosoa kutoka juu. Wote wawili walikuwa uwanjani.

Ilisaidia pia kwamba sehemu ya makosa hayo ilikuwa ya kuhesabika. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, 8 katika kila kipande, na mtoto wa chuoni anaweza kuzihesabu kwa vidole na kumsahihisha mzee bila ya kumkosea adabu, kwa kuwa si yeye anayesema, ni hesabu. Lakini hata hesabu ina mipaka yake. *Mtu* ina mizani 2 na *nchi* ina mizani 2. Hapo hapana mgogoro. Je, *labda* ina mizani 2 au 3? *Maktaba* je? Sikio lililozoea Kiarabu huifunga silabi ya kwanza na kupita. Sikio la mzungumzaji ambaye lugha yake ya mama haina silabi funge huipa konsonanti hiyo pumzi yake, pengine na irabu ndogo. Mkosoaji anayetamka kwamba mshororo wa namna hiyo “umevunjika” huenda anakosoa lafudhi ya mtu, na lafudhi si kosa.

Mwaka 1930 ulileta usahihishaji wa namna nyingine kabisa. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka huo, ilisoma vitabu vilivyokusudiwa kwa shule na kuviidhinisha pale Kiswahili chake kilipolingana na usanifu. Usanifu huo ulijengwa juu ya Kiunguja, ilhali katika miaka ya mwanzo wajumbe wenyewe walikuwa Wazungu. Kazi ya Kamati katika kuimarisha tahajia na sarufi ni kubwa na haifai kubezwa. Ila masahihisho yake yalikwenda njia moja. Mwandishi alipokea idhini au alikosa idhini. Hakuwa na ubeti wa kujibu.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba desturi ya zamani haikufa kwa hilo. Mwaka 1954 Amri Abedi alipotoa kanuni zake, kitabu kiliitwa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Mulokozi na Kahigi walipoipinga misimamo ya wanamapokeo, kitabu chao cha mwaka 1979 kikaitwa *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*. Katika miaka ya 1980 Mayoka akaja upande wa wanamapokeo na *Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka*. Pande mbili zilizogombana karibu katika kila jambo zilikubaliana, bila ya kuambiana, katika jambo moja: anayewaambia wengine namna ya kutunga na aweke tungo zake mezani.

Mgogoro wenyewe ulipamba moto baada ya *Kichomi* cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, na hapo ndipo kukosoa kulipoteleza. Kusema kwamba shairi lisilo na vina limepoteza utamu wa kughanika ni hoja, na huweza kujibiwa. Kusema kwamba si shairi ni kuliondoa katika jina lake, na mtunzi hawezi kulirekebisha kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kurekebishwa. Ndiko kuumbua huko. Kwa upande mwingine, wapo wanamabadiliko waliowaona wenye vina kuwa watumwa wa hesabu, nao hawakukosoa lolote.

Desturi ya kujibizana nayo ina kasoro isiyofaa kufichwa. Humpendelea fundi. Mtu mwenye haki lakini mzito wa vina hushindwa na mwenye batili aliye mwepesi, na msomaji mzuri asiyeweza kutunga hana pa kusemea. Lakini haikumtaka mtu awe na cheti. Haji Gora Haji, aliyezaliwa mwaka 1933 katika kisiwa cha Tumbatu, kaskazini ya Mangapwani, na kufariki mwaka 2021, hakuupata ushairi darasani; *Kimbunga* yake ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1994, na wenye shahada wakawa wanafunzi wake.

Yamebaki ya anayekosolewa, na hapa lugha ina kitenzi kinachostahili kurejeshwa kazini: *itikia*. Kinatokana na *ita*, kupitia *itika*. Na katika nyimbo kimezaa *kiitikio*. Kuitikia masahihisho si kuyakubali. Aliyeitwa akaitika hajasema bado kama atakwenda. Amesema tu kwamba amesikia. Mtunzi kijana wa leo, wa Mangapwani au wa kwingineko, anayemsomea mwenziwe ubeti, hupewa ama “hongera”, ambayo haina la kuitikiwa, ama kicheko. Akiambiwa kwamba kipande cha pili cha mshororo wa tatu kina mizani 7, anaweza kuhesabu, akaongeza neno, au akajibu kwamba *labda* kwao husemwa kwa silabi tatu.