Usiuze redio ya shosho kwa kilo

Ukienda ushago, angalia juu ya kabati la shosho. Huenda ipo pale: redio nzito, imefunikwa kitambaa, haijatoa sauti miaka mingi. Kabla hujamwachia mtu wa vyuma kuukuu aiweke kwenye mizani, nisikilize kidogo.

Redio kama hiyo mara nyingi haijafa. Kilichochoka ni vipuri vidogo vinavyoitwa kapasita, ambavyo vingi havikuli pesa. Kapasita hutunza chaji na kutuliza umeme. Zile zenye umbo la kopo zina kemikali ya majimaji ndani. Miaka ikipita, majimaji hukauka. Hapo ndipo redio huanza kunguruma, sauti ikafifia, kisha kimya.

Sasa kazi. Chomoa plagi, toa betri. Stima yetu ni volti 240, si ya kuchezea, na kapasita kubwa inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Pima kwa mita kwanza. Kama redio ni ya valvu, zile zinazofanana na taa za kioo, ndani mnaweza kuwa na volti zaidi ya 200. Hiyo mpelekee fundi, wewe ukae kando ujifunze.

Kama ni ya transista, piga picha ya kila kitu kabla hujagusa. Kisha soma namba kwenye kapasita. Mikrofaradi zilingane, volti zilingane au zizidi. Iliyoandikwa mikrofaradi 100, volti 16, unaweza kuweka ya 100, volti 25. Angalia ule mstari ubavuni: huo ni upande wa hasi. Ukiugeuza, kapasita inaweza kupasuka. Badilisha moja, maliza, ndio uende nyingine. Ukizitoa zote kwa mpigo utachanganyikiwa. Kwa walio Nairobi, vipuri utavipata Luthuli Avenue.

Ikiwaka, usishangae kukosa stesheni zako za FM. Redio nyingi za zamani hushika mawimbi ya kati na mafupi tu.

Utaniuliza, mbona nijisumbue na simu ninayo? Kumbuka Agosti 1, 1982. Wanajeshi waasi waliteka Sauti ya Kenya, wakamlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Watu hawakuona hayo kwa simu. Waliyasikia kwa redio kama hiyo ya kwenu, na waliosikia wanazidi kupungua.

Hii kazi haidai digrii. Mimi chuo niliacha, na solda bado inayeyuka nikiishika. Inadai subira na macho.

Kwa hivyo ukimaliza, usikimbilie kuposti. Mwite shosho, mwache azungushe kitufe mwenyewe, halafu muulize alikuwa wapi asubuhi ile. Hiyo stori hakuna fundi wa kuirudisha ikishapotea.